Picha Zisizo na Uso: Nani Aliliona Kovu la Kushoto?

Juma lililopita niliwaacha jikoni kwangu. Karlene amesimama karibu na jiko la makaa, koti hajavua, simu kaishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya mkiani. Chai kaikataa. Na ameniambia mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, kwamba nimemuuza.

Kwa msomaji anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza upesi.

Marehemu mume wangu Murray alikuwa mpiga picha wa harusi na wa timu za raga hapa Gore, mji wetu mdogo wa mashamba. Mimi niliishia shule ya msingi, nikaingia kiwanda cha sufu, nikaolewa, nikajifunza kamera kwa kumshikia taa. Murray alipofariki, harusi zikahamia kwa vijana. Mimi wakaanza kunijia kinadada wanaouza muda wao kwa wanaume.

Huku kwetu sheria inaruhusu kazi hiyo. Wasioiruhusu ni majirani. Kwa hiyo mwanamke wa Gore hafanyii kazi Gore. Mwisho wa juma, mtoto akiwa kwa baba yake, anaendesha gari hadi Dunedin, mji mkubwa wa mbali, anapanga chumba, anakuwa mtu mwingine, na Jumapili jioni amerudi kumenya viazi.

Huyo mtu mwingine anahitaji picha za tangazo, na picha hizo ndizo ninazopiga mimi, kwenye chumba cha vioo nyuma ya nyumba.

Sharti langu ni moja. Ninaondoa kinachosema mwanamke ni nani. Sigusi kinachosema yukoje. Uso hauonekani. Mchoro wa mwilini naufuta. Pete na hereni zinavuliwa, pazia ni jeupe lisilo hata na ua. Lakini kiuno sikipunguzi, tumbo lililokwisha kuzaa nalo linabaki pale pale, na umri hauteremki. Mwanamume akifunguliwa mlango amkute yule yule aliyemwona kwenye tangazo. Akimkuta mwingine atafoka, na mwanamke aliye peke yake chumbani na mwanamume anayefoka yuko pabaya.

Karlene alinitatiza kwa sababu ana kovu nyongani, refu kama kiganja changu. Linasema ni nani, na linasema yukoje. Kulifuta ni kudanganya, kuliacha ni kumtaja. Tukakubaliana nifanye ninavyowafanyia wote mwishoni: nikaigeuza picha nzima, kulia kukawa kushoto, kama kwenye kioo. Asiyemjua hakudanganywa kitu. Anayemjua atasema hapana, si yeye, la huyu liko upande mwingine.

Karlene si jina lake. Odette, jina la Dunedin, si lile analotumia. Lakini ndivyo nitakavyomwita.

"Soma mwenyewe," akaniambia, akaniwekea simu mezani.

Nikavaa miwani. Juu palikuwa na picha niliyoipiga mimi, ile ile ya tangazo. Chini yake maneno:

"Odette ana kovu nyonga ya kushoto. Karlene naye analo. Alhamisi kubali mwenyewe mbele ya hakimu kwamba Tegan akaishi kwa baba yake. Ukibisha, hakimu ataona, na shule itaona."

Namba hatukuijua. Tegan ni binti yake, ana miaka saba, hana jino la mbele. Alhamisi ndiyo siku ya mahakama ya familia Invercargill, kuamua mtoto akae na nani. Na shule iliyotajwa ndiyo anapofanya kazi Karlene siku za juma, anamsaidia mwalimu wa darasa la kwanza.

"Umesoma?"

"Nasoma. Macho yangu hayakimbii kama yako."

Nikarudia tena. Kuna neno lilinikwama kama mwiba wa samaki.

"Kushoto," nikasema.

"Nini kushoto?"

"Kovu lako."

"Si ndiko liliko! Unalijua, umelipiga picha!"

"Kwenye tangazo liko wapi, mwanangu?"

Akainama juu ya simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, na mkono mwingine ukaenda wenyewe nyongani kwake.

"Kulia," akasema.

"Basi huyu hajalisoma kwenye tangazo. Amekuona wewe mwenyewe, au ameiona picha kabla sijaigeuza."

"Na zile ambazo hazijageuzwa anazo nani?"

"Hakuna. Ulizifuta kwa mkono wako, umekaa kwenye kiti cha Murray. Mimi sijawahi kumfutia mtu. Kila mmoja anafuta zake, ndipo tunakunywa chai."

Hilo alilikumbuka. Akavuta kiti, akakaa kwenye ncha yake.

"Brent?" nikauliza. Brent ni baba yake Tegan.

"Brent hajaliona. Nilianguka na baiskeli kwenye kokoto baada ya kuachana naye. Nilivyoshonwa nilikuwa peke yangu."

"Wanaume wa Dunedin?"

"Hao wanamjua Odette. Hawajui kama kuna Karlene duniani."

"Waliokushona?"

"Hao wanamjua Karlene." Akaniangalia. "Anayewajua wote wawili ni wewe, Bibi. Wewe peke yako."

Nikaongeza makaa ambayo jiko halikuyahitaji.

"Na kompyuta yako?" akaendelea. "Nani mwingine anaigusa?"

"Hakuna. Labda Garth, ikigoma."

"Garth wako?"

"Kwani nina Garth mwingine?"

Hapo ndipo niliona kitu. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola hadi masikioni. Akasimama, akachukua mkoba, akakosea mlango, akaingia stoo ya chakula, akatoka.

"Garth usimwambie kitu," akasema.

"Kwa nini?"

Alikuwa ameshafika kwenye gari.

*

Garth ni kitindamimba wangu. Anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Tangu mke wake alipoondoka, analala chumba changu cha nyuma, na miguu inatoka nje ya kitanda alicholalia utotoni.

Neno la siri la kompyuta yangu ni jina la mbwa wetu aliyekufa. Garth ndiye aliyelichagua.

Nikaanza kukumbuka, na kila nilichokumbuka kilikuwa na sura mbaya. Siku hizi ananyoa ndevu Jumamosi. Amenunua shati, bado lina mikunjo ya kiwandani. Simu anailaza kifudifudi mezani. Na Jumapili husema anakwenda kuangalia kibanda chake cha kuwindia bata, wakati msimu wa bata umekwisha na bunduki iko kabatini imefungwa.

Nakiri mbele yenu: alipokuwa anaoga, nilimpekua mwanangu.

Kwenye mfuko wa koti lake nilikuta utepe wa nywele za mtoto, wa mpira, una kistroberi cha plastiki. Tegan anao kama huo. Nimemwona nao.

Nikaurudisha mfukoni. Chakula cha jioni nilimwekea, sikuweza kumtazama.

"Mama, mbona kimya?"

"Meno."

"Si unavaa ya bandia?"

"Basi ndiyo hayo."

*

Asubuhi Dulcie akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama anavyoingia siku zote, na sahani ya mikate yetu ya jibini, ile ya kusokota na kuchoma hadi pembe zinakauka. Dulcie ni jirani yangu na ndiye mshonaji wangu. Mapazia, majoho ya hariri, blauzi za kupigia picha, vyote vya mikono yake. Anajua ni vya nini, na hajawahi kuuliza ni vya nani.

Kompyuta ilikuwa wazi. Nilikuwa naitazama picha ya Odette: blauzi nyeupe, vifungo vimefunguliwa, hakuna kichwa.

"Ndiyo blauzi yangu hiyo!" akasema Dulcie. "Imemkaa. Lakini kwa nini umeigeuza picha, mwenzangu?"

Nikaiweka miwani sawa.

"Nani kakwambia imegeuzwa?"

"Vifungo, shoga. Vifungo vimeniambia. Blauzi ya mwanamke vifungo vinakaa kushoto kwake, vitundu kulia. Nimeshona mwenyewe, nitasahau? Hapa vimehama. Hili sasa ni shati la kiume, la Ron wangu."

Nikasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kweli. Miaka yote hii nimegeuza makovu, nimegeuza alama za kuzaliwa, na vifungo havikunijia akilini hata siku moja.

"Mtu mwingine angeona?"

"Yeyote aliyewahi kukalia cherehani. Mwanamke lakini. Wanaume hapo watakuwa na mengine ya kutazama."

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, lakini nilihisi mzigo unanishuka mabegani. Kama mshonaji yeyote angeweza kujua picha imegeuzwa, basi angejua kovu liko kushoto. Hahitaji kufungua kompyuta yangu. Hahitaji kuwa Garth.

"Dulcie, kinamama wa kushona pale ukumbi wa kanisa, kiongozi wao ni nani siku hizi?"

"Nani tena, Verna. Mama yake Brent. Mpaka uzi anatuchagulia."

"Verna ndiye humpeleka mjukuu wake kuogelea?"

"Kila Jumanne. Na mama mtu naye huwa yumo humo humo majini. Jana tu niliwaona. Hawasemezani, wamekaa kama taulo mbili zilizotundikwa."

Majini. Chumba cha kubadilishia nguo. Kovu.

"Lakini Verna ataangalia matangazo ya namna hii kwa lipi?" nikajiuliza kwa sauti.

"Brent ataangalia, amwonyeshe."

"Mwanamume gani anamwonyesha mama yake vitu hivi?"

"Brent," akasema Dulcie. "Yule mpaka leo soksi ananunuliwa na mama yake."

Sitawaficha, nilikula mikate miwili kwa furaha. Nilikuwa nimempata mwenye ujumbe, na hakuwa mwanangu.

*

Ukumbi wa kanisa ulikuwa unanguruma kwa cherehani. Verna akaniona mlangoni, akatoka nje na futi ya kupimia shingoni, akasimama mahali ambapo wenzake wangeona midomo yetu lakini wasisikie.

"Noeline. Umekuja kujiunga? Hatuna nafasi."

"Nina neno na wewe."

"Umri huu, na bado unapiga picha za malaya."

"Kumbe unajua kazi yangu."

"Gore nzima inajua. Tunanyamaza kwa heshima ya Murray."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilitaka kumwambia: wewe ndiye uliyemtumia Karlene ule ujumbe. Lakini ulimi ulipofika kwenye jina la Karlene, ukagoma. Kumuuliza kulikuwa sawa na kumwambia. Mimi, ninayetoa hereni za watu wasijulikane, nilikuwa karibu kumtaja mtu kwa jina mbele ya mama mkwe wake wa zamani, kinamama wote wa ushonaji wanatutazama.

"Kuna mtu anamtishia mama wa mjukuu wako," nikasema. "Kabla ya mahakama."

"Anamtishia kwa lipi?"

"Kwa maneno tu."

"Maneno gani?" Akasogea. "Ana nini cha kutishiwa? Amefanya nini?"

Macho yake yalikuwa yamefunguka, yananiangalia mdomoni, yanasubiri. Nikajua nimekosea nyumba. Anayejua haombi kuambiwa hivyo. Verna hakujua lolote, na mimi ndiye niliyekuwa nimemnusisha.

"Hakuna," nikasema. "Uzee. Nimechanganya."

"Hukuchanganya. Noeline! Umesema mahakama!"

Nikageuka niondoke. Akanifuata na sauti.

"Kama unatafuta wachonganishi, anza nyumbani kwako! Muulize mwanao alifuata nini kwetu Jumapili!"

Nikasimama.

"Garth? Kwenu?"

"Hakukuambia? Wamesimama na Brent kwenye banda la kukatia kondoo manyoya, simu moja, vichwa viwili. Mwanao akaondoka bila kuaga. Brent akaingia ndani anatabasamu peke yake mpaka chai ikapoa. Namuuliza, ananiambia, 'Mama, Alhamisi tumeshashinda.'" Akaivuta ile futi shingoni. "Sasa niambie wewe. Walikuwa wanaangalia nini?"

*

Garth alikuwa jikoni, zamu imekwisha, soksi zinakaukia miguuni mbele ya jiko, anakula mkate uliobaki.

"Jumapili ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kibanda cha bata."

"Bata wa Brent?"

Akauweka mkate chini.

"Kaa, Mama."

"Nimesimama mbele ya Verna, nitashindwa kusimama mbele yako? Sema."

Akatazama mikono yake. Ana mikono ya baba yake, mikubwa, isiyojua pa kwenda.

"Sikuziiba," akasema. "Zilinijia zenyewe."

"Picha hazina miguu, Garth."

"Unakumbuka Krismasi, nilivyokutengenezea kompyuta? Ukipiga wajukuu, picha zinifikie moja kwa moja, usihangaike kutuma?"

"Nakumbuka. Ya watoto."

"Kompyuta haijui mtoto ni yupi na mteja ni yupi, Mama. Ukichomeka kamera, kila kilichomo kinakuja kwangu. Vilevile kilivyopigwa."

"Lakini tunazifuta! Wanazifuta wenyewe, mbele yangu!"

"Kwako. Kwangu zinakuwa zimeshafika."

Nilikaa bila kupenda. Kiti kilikuwepo kwa bahati.

"Tangu Krismasi?"

"Tangu Krismasi."

"Wote?"

"Wote. Nilikuwa nafuta bila kutazama, naapa kwa Baba. Nilijua ni kazi yako, niliona aibu kukwambia, nikasema nitakuja kuirekebisha, sikuirekebisha. Halafu siku hiyo nimeegesha lori kwenye shamba moja kule Waikaka, nasubiri maziwa yaingie kwenye tangi. Simu ikalia. Nikafungua." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ni Karlene. Uso wake, Mama. Anacheka."

Naikumbuka picha hiyo. Hakuwa amejipanga. Nilikuwa napima mwanga, nikakanyaga kamba ya taa, kandambili ikaniruka, akacheka kichwa kikiwa nyuma, blauzi wazi, kovu wazi. Nilimwambia hiyo tutaifuta. Akaifuta.

"Karlene unamjua wapi?"

"Namfundisha Tegan raga."

"Na utepe wa nywele?"

"Umenipekua?"

"Nimekupekua."

"Tegan aliusahau kwenye gari. Tunakwenda kula chipsi wote watatu, Jumapili akirudi Karlene. Sijaona zaidi ya magoti yake, Mama, kama ndilo unaloliwaza. Ananiambia Dunedin anamuuguza shangazi. Nilikuwa nangoja nipate ujasiri wa kukwambia kwamba nampenda." Akacheka bila furaha. "Shangazi!"

"Ukaenda kwa Brent."

"Nilitaka kujua kama na yeye alikuwa hajui. Nisiwe mjinga peke yangu."

"Ukamwonyesha."

Akausogeza mkate kando.

"Ulimwonyesha tu, Garth?"

"Akaniomba nimtumie. Akasema atazungumza naye kwa upole, kwa ajili ya mtoto. Uso hatamwonyesha mtu. Nilikuwa na hasira, Mama. Nilikuwa bado naisikia hiyo 'shangazi' kichwani."

"Ukamtumia."

"Nilimtumia."

"Yenye uso?"

Akageukia dirisha. Hilo lilinitosha.

Sasa niliona yote mpaka chini. Ujumbe ulikuwa na picha ya tangazo, kwa sababu Brent hakutaka Karlene ajue anacho kikubwa zaidi. Tangazo alilitafuta mwenyewe kwa blauzi ile ile, jina la Odette likiwa juu yake; kovu la kushoto alilisoma kwenye picha yangu ambayo haijageuzwa. Uso ameuweka akiba ya Alhamisi. Na leo ni Jumatano.

"Ulijua kwamba amemtishia?"

"Sijui lolote! Amemtishia nini?"

Nikamweleza: kovu, hakimu, shule, Tegan. Garth alisimama, akakaa, akasimama tena. Uso ulimbadilika rangi ukawa kama maziwa anayobeba.

"Naenda kumvunja taya."

"Huendi popote. Umeshatusaidia vya kutosha."

Mlango wa mbele ukagongwa.

Msomaji wa mbali hajui: kwetu hakuna anayetumia mlango wa mbele. Marafiki wanapita nyuma. Mbele huja polisi, na wanaokuja kuomba radhi.

"Ingia kwenye chumba cha kufulia," nikamwambia Garth. "Na usipumue."

*

Alikuwa Karlene. Amevaa koti lake la shule. Nje, Tegan amekaa kwenye gari, anachora kwenye kioo alichokipulizia pumzi.

"Sikai, Bibi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mwanangu, subiri kwanza."

"Hapana, niache niseme, nimeyapanga njia nzima. Nilikutukana nyumbani kwako. Nimekaa usiku nikafikiri. Nimetafuta mtu wa kumshuku, nimemshuku kila mtu, mpaka…" Akasita. "Mpaka mtu mmoja ambaye hastahili kabisa. Nikaona nitakuwa kichaa. Nimekwenda kwa wakili wangu, nimemwambia yote. Odette na yote."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Akaniambia kazi ni halali, na hakimu hatamnyang'anya mtu mtoto kwa kazi halali. Atakachotaka kujua ni kama nimemlinda Tegan. Kama uso wangu uko huko nje, siku moja mtoto darasani atamwonyesha. Kama hauko, Brent hana kitu." Akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi. "Nikamwambia hauko. Nikamwambia kuna bibi mmoja tu aliyewahi kunipiga, na picha zenye uso nilizifuta mbele yake, hazikutoka nje ya nyumba yake hata moja. Wakili akasema, 'Huyo bibi aje aape hivyo.' Saa nne kesho. Utaapa, Bibi?"

Nikamtazama Tegan kule nje.

Nikiapa, Brent atatoa ile picha mfukoni, nami nitakuwa mwongo mbele ya hakimu, na Karlene mwongo pamoja nami, na Tegan atalala kwa baba yake usiku huo huo. Nisipoapa, anaingia pale peke yake, anadhani ana ukuta mgongoni kumbe ameegemea hewa. Na nikisema kweli, wa kwanza kutajwa ni yule aliyekuwa anazuia pumzi kwenye chumba changu cha kufulia.

"Sema ndiyo," akasema Karlene. "Nikalale."

"Karlene…"

Mlango wa chumba cha kufulia ukafunguka. Garth akasimama pale na soksi zake, mikono inaning'inia.

"Karlene," akasema.

Nilidhani Karlene atamgeukia. Hakumgeukia. Alimwona kwa pembe ya jicho, nikajua amemwona kwa namna vidole vyake vilivyokaza kwenye vyangu. Lakini macho yalibaki kwangu, yanapita usoni kwangu taratibu, paji, macho, mdomo, mtu anayesoma kitu alichokwisha kukihisi.

"Asiseme yeye," akaniambia. "Niambie wewe."

Garth akafungua mdomo. Nikamnyamazisha kwa kichwa.

"Zilitoka humu ndani, mwanangu," nikasema. "Hukukosea kunitukana. Kompyuta yangu ilimpelekea Garth bila mimi kujua, na Garth akampa Brent. Anayo moja yenye uso."

Aliachia mikono yangu, mmoja kwanza, halafu wa pili, akafunga vifungo vya koti lake hadi shingoni. Nje Tegan aliibonyeza honi, akajishtua mwenyewe, akacheka.

"Saa nne kesho," akasema Karlene.

"Nitakuja. Nitasema kama nilivyokwambia."

"Yote?"

"Yote."

Ndipo alipomtazama Garth, kwa mara ya kwanza, kuanzia soksi kwenda juu. Halafu akanirudia mimi.

"Hakimu atakuuliza aliyempa Brent picha yangu ni nani. Brent atakuwa amekaa pale, Verna naye yuko nyuma yake na nusu ya kinamama wa Gore. Jina la mwanao utalitaja, Bibi, au na yeye utamfuta uso?"